Miezi tisa kwa mwalimu wa gitaa Mwananyamala, na siku ambazo vidole vinagoma

Mimi ni fundi cherehani wa Magomeni, Dar es Salaam. Huu ni mwaka wa ishirini na mbili mikono hii inanilisha mimi na wanangu, kwa hiyo nikizungumzia vidole nazungumzia mtaji. Tangu nianze kubeba gitaa mgongoni kila Jumamosi, wateja na majirani hawaachi kuniuliza: unasomea wapi, bei gani, na kwa umri huo inawezekana kweli? Nimeona niandike mara moja, kwa urefu, ili anayetaka kumpeleka mtoto au kwenda mwenyewe ajue anakwenda kukutana na nini.

Mwalimu ni mzee wa miaka sitini na ushee, mpiga gitaa wa bendi za dansi aliyekwishapumzika, na anafundisha sebuleni kwake Mwananyamala. Ukishuka Komakoma unatembea kama dakika saba. Mlangoni hana kibao, na ameniomba nisimwandike jina, kwa sababu amezoea kupokea mwanafunzi aliyeletwa na mtu anayemfahamu. Basi nami namwita kama ninavyomwita kila siku: Mwalimu.

Kwanza niueleze mkono niliokwenda nao kwake. Nina miaka arobaini na nne. Mwaka 2011 sindano ya cherehani ilipita kwenye ukucha wa kidole changu cha shahada, mkono wa kushoto, ikatokea upande wa pili. Kilipona, lakini ncha yake mpaka leo ina sehemu ya ukubwa wa punje ya mchele isiyo na hisia, na kikikunjwa sana kinakuwa kigumu. Kwa mpiga gitaa anayetumia mkono wa kulia kuchapa nyuzi, kidole hicho cha kushoto kina kazi kubwa.

Kabla ya Mwalimu nilipita sehemu mbili. Gitaa nililinunua duka moja la Kariakoo, shilingi 185,000 pamoja na mfuko mwembamba. Muuzaji alinichapia kodi mbili tatu, yaani noti kadhaa kwa pamoja, zikalia vizuri, nami nikalipa. Nyumbani, kila nilipobonyeza uzi mnene ulikwaruza au ulikaa kimya, na ncha za vidole zilibaki na michirizi mpaka asubuhi. Niliporudi kuuliza, jibu lilikuwa, "Utazoea, mama." Baadaye nikajiunga na darasa la ukumbini, wanafunzi kumi na mmoja kwa mwalimu mmoja. Wiki ya tatu yule mwalimu aliushika mkono wangu, akaugeuza, akasema mbele ya watu kwamba vidole ni vifupi, hiki kimoja kimeharibika, na umri nao, kwa hiyo nifikirie kinanda. Nilitabasamu, nikashukuru, nikaenda nyumbani. Gitaa likakaa nyuma ya kabati miezi minne. Nayaandika haya kwa sababu najua yupo anayesoma sasa hivi na gitaa lake liko nyuma ya kabati kwa neno kama hilo.

Dada mmoja ninayemshonea, ambaye mtoto wake anasoma kwa Mwalimu, ndiye aliyenipeleka.

Siku ya kwanza niliingia na shikamoo yangu na hofu yangu. Mwalimu hakuniambia nipige chochote. Aliniomba gitaa, akalielekeza dirishani, akafumba jicho moja na kuitazama shingo yake kwa urefu, kama seremala anavyotazama ubao kama umepinda. Akauliza kama nina rula. Mkoba wa fundi cherehani haukosi rula. Akaisimamisha kwenye freti ya 12 (freti ni vile vyuma vinavyokatiza shingo), chini ya uzi mnene, akanionyesha. Kutoka juu ya freti hadi kwenye uzi kulikuwa na milimita 5.

"Mwanangu," akasema, "hapa hata mimi ningelia."

Hakunifundisha siku hiyo na hakutaka hela. Alinielekeza kwa fundi wa magitaa anayefanya kazi zake Gerezani, akaandika kwenye karatasi kinachotakiwa kufanywa, akasema nirudi gitaa likiwa limekaa sawa. Nimekutana na watu wengi wanaouza huduma katika jiji hili, nami ni mmoja wao. Anayekwambia kazi yake bado haijaanza, nenda kwanza kwa mwingine, ni wa kuhesabu. Hapo ndipo nilipojua nitabaki.

Fundi wa Gerezani alinitoza shilingi 35,000 pamoja na nyuzi mpya. Nilikaa kwenye benchi nikamtazama tangu mwanzo hadi mwisho, maana kazi ya mikono napenda kuiona. Alilegeza nyuzi zote akazitoa. Aliingiza spana ndogo ya pembe sita kwenye tundu la gitaa, akaizungusha robo tu, kusubiri, halafu kidogo tena: humo ndani ya shingo kuna chuma kinachoizuia isivutwe na nyuzi. Kile kipande cheupe cha kwenye daraja, pale nyuzi zinapofungwa kifuani mwa gitaa, alikichomoa, akakisugua upande wa chini kwenye msasa uliolazwa juu ya kioo, akipima kila baada ya muda. Kile cha juu, karibu na kichwa, alikichonga mifereji yake kwa tupa nyembamba kama sindano ya mkono. Aliporudisha nyuzi tukapima: milimita 2.5 upande wa uzi mnene, 2 upande wa mwembamba.

Nyuzi zenyewe alizibadilisha. Zilizokuwepo zilikuwa za namba 12, akaweka za 10. Namba hiyo ni unene wa uzi mwembamba kuliko wote, kwa sehemu za elfu za inchi. Tofauti ni ndogo mno kwa jicho, lakini mkono unaijua: seti ya chuma ya namba 12 ikikazwa inavuta shingo kwa nguvu ya kilo 70 hivi kwa jumla, ile ya 10 inashuka hadi hamsini na kitu. Nyuzi za nailoni ziko chini zaidi, kama kilo 40, ila haziwekwi kwenye gitaa lolote tu. Gitaa la chuma na la nailoni hujengwa tofauti. Alinieleza pia kwamba unyevu wa pwani hauna huruma na mbao. Msimu wa masika mbao hunywa maji ya hewani, kifua cha gitaa kinainuka kidogo, nyuzi nazo zinainuka. Na hewa ya chumvi hula nyuzi, uzi wenye kutu unakwaruza kidole kama msumeno. Tangu hapo nafuta nyuzi kwa kitambaa kikavu kila nikimaliza, na vitambaa sikosi.

Kijana wangu aliposikia habari ya nyuzi nyembamba alinionyesha kwenye simu habari za Tony Iommi, mpiga gitaa wa Birmingham, Uingereza. Mwaka 1965, akiwa na miaka kumi na saba, mashine ya kiwandani ilimkata ncha za vidole viwili. Alipiga kwa mkono wa kushoto, kwa hiyo vilivyokatika ni vya mkono wa kulia, vile vya kubonyezea. Aliyeyusha plastiki ya chupa akajitengenezea vikofia vya vidole, akavivika ngozi, na akatafuta nyuzi nyembamba kuliko za kawaida. Mimi navaa subana tangu nikiwa binti. Usiku ule nilikaa nikaitazama subana yangu kwa muda mrefu.

Niliporudi kwa Mwalimu, somo la kwanza lilikuwa la uzi mmoja, na nitalieleza lote maana ndilo lililonitoa kwenye maumivu. Aliniambia niweke kidole cha kati juu ya uzi wa tatu, freti ya 5, bila kubonyeza, nigusie tu. Nikachapa: uzi ukatoa mlio mfu, tap. Ongeza kidogo sana. Tap. Ongeza. Ukaanza kukwaruza. Ongeza tena, chembe. Ghafla ukalia safi. "Simama hapo hapo," akasema. "Usiongeze hata senti." Kisha akanisogezea kidole mpaka kikawa kinakaribia kuigusa freti, tukarudia, na safari hii mlio safi ulipatikana kwa nguvu ndogo zaidi. Nilishangaa. Miezi yote ile nilikuwa nikibonyeza katikati ya freti mbili, kwa nguvu labda mara tatu ya inayohitajika, na gumba likikaba nyuma ya shingo kama koleo.

Nikamwambia hii ni tensheni ya cherehani. Ukikaza sana uzi unakatika au kitambaa kinavutika, ukilegeza sana mshono unacheza, na kuna mahali katikati ambapo fundi anapasikia bila kuangalia. Alifurahi sana na tangu siku hiyo ananiita Fundi.

Habari ya kidole cha pete nayo. Kila anayeanza analalamika kwamba kidole hicho hakimsikii. Mwalimu alinilazia kiganja mezani, akanikunjia kidole cha kati chini ya kiganja, akasema niinue vingine kimoja kimoja. Gumba kikainuka, shahada kikainuka, kidogo kikainuka. Cha pete kilikaa pale kama kimegundishwa. Jaribu na wewe. Juu ya mgongo wa mkono kano za vidole hivyo zimeshikana kwa vifungo, ndiyo maana kimoja kikifungwa jirani yake hawezi kwenda peke yake. Na misuli mikubwa inayokunja vidole haimo vidoleni, iko mkononi chini ya kiwiko. Weka mkono wa kulia hapo, uchezeshe vidole vya kushoto, utaisikia ikitembea. Kwangu mimi, kujua hivyo kulikuwa nafuu kubwa. Nilikuwa nakilaumu kidole kwa jambo ambalo ni umbile la kila mwanadamu, hata la wanaopiga vizuri kuliko wote. Dawa yake ni kukipa kidole njia fupi: kisiruke juu, kikae karibu na uzi wake kikisubiri. Alinifanyisha kubadilisha kodi ya G kwenda C polepole, vidole visipande zaidi ya upana wa kalamu.

Sasa niingie kwenye kinachonifanya nimlipe mzee huyu na si mwingine. Siku mbaya.

Kufundisha mtu siku vidole vinatii ni kazi ya kawaida, hata video inafanya. Mwezi wa nane nilikuwa na sare za harusi, magauni thelathini na manne ya kitenge, ya kukabidhi Ijumaa jioni. Jumamosi nilikwenda darasani nikiwa nimelala kwa saa tatu tu. Kodi nilizokuwa nabadilisha wiki iliyotangulia bila hata kuangalia zilikuwa zimekufa. Kidole cha pete kinatua uzi wa jirani, cha shahada kinateleza, kodi ya C inatoa milio miwili kati ya mitano. Nikarudia. Nikarudia kwa nguvu zaidi, kwa haraka zaidi, mara kumi, mara kumi na tano, kama mtu anayegonga mlango uliofungwa. Koo likaniuma, nikajua naelekea kulia mbele ya mzee wa watu na kijana wa miaka kumi na tano anayesubiri zamu yake.

"Weka chini, Fundi."

Hakusema pole, hakusema jitahidi. Aliuliza nimelala saa ngapi na nimekula nini. Mama wa nyumba ile akaleta chai na mihogo. Nilipomaliza alinirudishia gitaa, akaniambia mkono wa kushoto ulale juu ya nyuzi zote, usibonyeze chochote, uzizime tu. Kazi ya leo ni ya mkono wa kulia. Akanipa mchapo wa rumba, polepole, nikiuhesabu kwa mdomo na mguu: chaka, cha-chaka. Dakika ishirini nzima sikupiga noti hata moja, nilichapa nyuzi zilizozimwa, na kijana naye akaitwa apige besi kwenye nyuzi mbili nene. Baada ya hapo Mwalimu aliweka metronomu ya simu, ile inayogonga mapigo, kwenye mapigo 40 kwa dakika, nusu ya mwendo wetu, akaniruhusu vidole viwili tu vya kushoto, nyuzi tatu nyembamba. Kwenye muziki wetu wa dansi gitaa la ridhimu, lile linaloshika mapigo, halihitaji nyuzi zote sita kila wakati. Tatu juu ya shingo zinatosha kujaza nafasi yake kati ya solo na besi. Niliondoka bila kupiga kodi moja kamili, na mchapo wa rumba nikiwa nao mkononi. Ninao mpaka leo.

Njiani aliponisindikiza nilimuuliza kwa nini alinisimamisha. Akasema, "Ukirudia kosa mara ishirini, umejifunza kosa mara ishirini. Mkono hauchagui." Na kweli, kinachorudiwa ndicho kinachokaa, na kinakaa zaidi ukilala, usingizi ndio unaopanga ulichofanyia mazoezi mchana. Jumanne, baada ya siku mbili za kulala vizuri, G na C zilirudi zenyewe.

Alinipa pia daftari. Kila siku vidole vikigoma naandika nililala saa ngapi, nilifanya kazi gani, wapi panauma. Mpaka wiki iliyopita nina siku mbaya kumi na nne. Sita zilikuja baada ya usiku wa chini ya saa tano za usingizi. Tano ni Jumapili, na hiyo sikuielewa mpaka Mwalimu aliposoma daftari na kuniuliza, Jumapili unafanya nini? Nafua. Saa mbili tatu mikono ndani ya maji na sabuni, sugu ya vidoleni inalainika, halafu jioni naikimbilia nyuzi. Ngozi laini inakatwa na uzi kama jibini. Mimi mwenyewe nisingeligundua hilo. Sasa Jumapili sibonyezi. Nasikiliza tu, nafuata sehemu ya ridhimu kwenye nyimbo za zamani za bendi za Sikinde au Msondo, nagonga mchapo kwenye paja. Sugu yenyewe ilichukua kama wiki tatu kuja, na ukiacha wiki mbili inaanza kuondoka, kwa hiyo dakika kumi na tano kila siku zina faida kuliko saa mbili za Jumamosi peke yake. Siku tatu zilizobaki kwenye daftari hazina sababu. Mwalimu amezizungushia duara na kuandika pembeni: "Zipo."

Anatenganisha maumivu, na hapa naomba msomaji asinipite haraka. Kuungua kwa ncha za vidole ni sawa, kutapita. Kuchoka kwa mkono chini ya kiwiko ni sawa, pumzika dakika tano. Lakini kifundo cha mkono kikiuma, au vidole vikifa ganzi na kuchomachoma, unaacha siku hiyo hiyo, na isipoondoka unakwenda hospitali. Alikwisha kumrudisha kijana mmoja nyumbani wiki mbili nzima kwa sababu ya kifundo, na ada ya wiki hizo hakuichukua.

Kodi ya F, ambayo imewafukuza wengi, ilinichukua miezi miwili. Kidole cha shahada kinalala juu ya nyuzi zote kwenye freti ya 1, mahali ambapo nyuzi ni ngumu kuliko pengine popote. Mwalimu hakuanzia hapo. Alianzia freti ya 5, umbo lile lile, ambapo linakuwa A na mkono unaona nafuu, kisha tukashuka freti moja kila wiki. Kovu langu lilikuwa linakaa juu ya uzi mnene kuliko wote, na mahali pale pasipo na hisia sikuwa najua kama nimebonyeza au la. Nilidhani huo ndio mwisho wangu, yule mwalimu wa ukumbini alikuwa sahihi. Mwalimu alikishika kidole, akakizungusha kidogo kuelekea gumba, ili nyuzi zikae kwenye ubavu wake wenye mfupa badala ya nyama ya tumbo la kidole. Akakisogeza juu nusu sentimita, kovu likatoka nje ya shingo kabisa, likabaki linaning'inia hewani halina kazi. Akaniambia niondoe gumba nyuma ya shingo, nivute kwa uzito wa mkono kuelekea nyuma. Nyuzi sita zikalia. Si zote safi, uzi wa tatu ulikwaruza, lakini sita zililia. Dakika mbili. Kidole cha miaka zaidi ya kumi na mitatu ya aibu, kilihitaji kusogezwa nusu sentimita.

Siku hiyo aliniambia habari za Django Reinhardt, aliyeungua mkono wa kushoto kwenye moto mwaka 1928 akabaki anapiga solo kwa vidole viwili, na za Jean Bosco Mwenda wa Katanga, ambaye mkono wake wa kulia ulichapa kwa gumba na shahada tu na gitaa likasikika kama mawili. Alizisema kama mtu anayetaja majirani zake.

Kasoro zipo, nami mteja wangu akiniuliza kasoro za kitambaa namwambia. Mwalimu bado anaitwa kupiga harusini, na ikitokea Jumamosi anaahirisha kwa ujumbe wa simu saa sita mchana, darasa likiwa saa nane. Mara mbili nilikuwa nimeshapanda daladala. Nimemwambia, akaomba radhi, imepungua lakini haijaisha. Hafundishi kusoma noti za karatasi. Anayetaka kufanya mitihani ya muziki atafute kwingine. Sebule ni moja, mwanafunzi wa zamu inayofuata anakaa humo humo anasikia makosa yako yote, na kwa watu wazima wenye haya hiyo ni shida ya kweli. Mimi ilinisumbua mwezi wa kwanza. Sasa yule kijana ndiye anayeniwekea metronomu, akinisalimia "Shikamoo mama" kabla hajavua viatu. Umeme ukikatika haijalishi, magitaa yote ni makavu, galatoni kama wazee wanavyoyaita. Risiti hatoi. Watoto chini ya miaka kumi hachukui, anasema mikono yao iache ikue.

Bei ni shilingi 20,000 kwa saa moja, na saa yake mara nyingi inakuwa moja na robo. Kwa mwezi 80,000. Kwangu hiyo ni ushonaji wa magauni matatu ya kawaida, na kuna mwezi nilishindwa, nikaenda mara mbili tu, hakubadilisha uso. Ukiwa na gitaa jipya ongeza ile 35,000 ya fundi kabla ya kitu chochote, na ukienda kununua beba rula: freti ya 12, uzi mnene, ikizidi sana milimita 3 jua kuna kazi ya kufanya. Kucha za mkono wa kushoto zikatwe fupi kabisa. Mimi napenda kucha zangu na hina ya harusini, na hilo lilikuwa gumu kulikubali kuliko maumivu.

Jumamosi iliyopita nilipiga ridhimu ya wimbo mzima, Mwalimu akiwa kwenye solo na kijana kwenye besi, F ikipita mara nane. Sita zilikuwa safi. Wiki hii ameniandikia kodi ya B kwenye daftari, freti ya 2, na pembeni ameandika nisianze kabla ya Jumanne, kwa sababu anajua Jumatatu nina mzigo wa sare za shule.